Kutafuta mwelekeo porini bila dira: kwa nini saa ya mkononi ilikupoteza

"Shikamoo mtaalamu. Mimi na baba mdogo tunafuga nyuki kwa mizinga ya magogo kusini mwa Sikonge, mkoani Tabora. Kambi yetu iko kama kilomita 8 magharibi mwa barabara ya kwenda Rungwa. Desemba iliyopita tulikuwa tunakagua mizinga, mvua kubwa ikatukuta, tukakimbia kutafuta pa kujikinga. Ilipokatika hatukujua tena tulipo. Dira ya simu ilikuwa inazungukazunguka tu. Nikakumbuka nilichosoma mtandaoni: ukiwa kusini mwa ikweta, elekeza namba 12 ya saa yako kwenye jua, na katikati ya 12 na mshale mfupi ndiyo kaskazini. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua limetoka. Tukatembea 'mashariki' hadi giza, barabara hatukuiona. Kesho yake wafugaji ndio waliotutoa, wakatuambia tulikuwa tumeelekea kaskazini. Nilikosea wapi? Usiku ule pia niliitafuta Nyota ya Kaskazini nisiione. Baba mdogo anasema vichuguu na ukijani wa kwenye magome ya miti vinatosha kuonyesha njia. Au ninunue dira tu?"

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa usiku ule. Nimeichora safari yenu kwenye karatasi kama tunavyofanya sisi wapima ardhi, nikakokotoa jua lilikuwa wapi saa ile. Jibu ni kwamba ulifuata maelekezo sawasawa. Maelekezo yenyewe ndiyo hayafai pori la Tabora, na mwezi wa Desemba ndio hayafai kabisa.

Kanuni ya saa inadhani mambo mawili. La kwanza, kwamba mtu aliye kusini mwa ikweta hulikuta jua la mchana upande wa kaskazini siku zote. La pili, kwamba jua huzunguka upeo wa macho kwa mwendo ulio sawa, saa baada ya saa. Kwa mtu aliye mbali sana na ikweta, jua linapopita chini chini wakati wa baridi, dhana hizo zinakaribia ukweli. Kwetu zote mbili zinavunjika.

Jua halina njia moja mwaka mzima. Mwishoni mwa Juni linapita juu ya mstari ulio nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba linapita nyuzi 23 na nusu kusini. Ninyi mko karibu nyuzi 6 kusini, kwa hiyo jua linawavuka juu ya kichwa mara mbili kila mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana liko kaskazini yenu. Kuanzia Oktoba hadi Machi liko kusini yenu. Wewe ulikuwa porini Desemba, wakati jua limekwenda kusini kabisa, ukatumia kanuni inayodai liko kaskazini.

Hilo la mwendo sawa nalo ni baya vilevile. Huku kwetu jua linapanda wima. Asubuhi nzima linabaki upande wa mashariki, linapanda tu, kisha karibu na saa sita linaruka upande wa magharibi kwa muda mfupi sana. Chukua mfano wa Oktoba, saa tatu asubuhi. Jua liko mashariki hasa, kwa hiyo kaskazini iko nyuzi 90 kushoto kwako ukilitazama. Saa itakuambia kaskazini iko nyuzi 45 tu kushoto. Hapo umeshapotea kwa nyuzi 45 kabla hujaanza kutembea. Mwezi Juni kanuni hiyohiyo hukosea nyuzi 15 hivi tu, na nadhani ndiyo sababu watu wanaoijaribu kipindi cha kiangazi huisifia, kisha wakawafundisha wengine.

Sasa safari yenu. Saa tisa ya alasiri ile jua lilikuwa kati ya kusini na magharibi, likielemea magharibi zaidi. Kwa kuelekeza 12 kwenye jua na mshale mfupi ukiwa kwenye namba 3, ulipata "kaskazini" nyuzi 45 kulia kwa jua. Mahali hapo kwa kweli palikuwa magharibi, kidogo tu kuelekea kaskazini. Ukageuka kulia kutafuta "mashariki" yako, na mashariki hiyo ikawa kaskazini, imepinda kidogo mno kuelekea mashariki. Barabara ya Rungwa inatokea huko kaskazini, Ipole, inashuka kusini. Mlikuwa mnakwenda karibu sambamba nayo! Mngeweza kutembea hivyo siku nzima msiione.

Kinachoniuma ni kwamba jibu lilikuwa chini, miguuni penu. Vivuli vyenu saa ile vilikuwa vimelala kaskazini-mashariki, vikielemea mashariki zaidi. Mngewaza hivi tu: "Ni alasiri, jua limevuka magharibi, kivuli kiko upande wa mashariki, tukifuate," mngekosea nyuzi 30 hivi, na zile kilomita 8 zingekuwa 9 na ushee. Lakini barabara mngeikuta. Kwa hiyo chukua hili kwanza kabla ya mengine yote: kabla ya jua la utosi, kivuli kiko upande wa magharibi, baada ya jua la utosi, kivuli kiko upande wa mashariki. Hilo halibadiliki Juni wala Desemba. Kinachobadilika ni kuelemea kwake: kuanzia Oktoba hadi Machi kivuli kinaelemea kaskazini, kuanzia Machi hadi Oktoba kinaelemea kusini.

Jua la utosi si saa sita ya kwenye saa. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, ambao uko mbali baharini, mashariki ya Dar es Salaam. Kila nyuzi moja kwenda magharibi jua linachelewa dakika 4. Kwenu, karibu na longitudo 33, jua linafika juu kabisa kama saa sita na dakika 48 kwa wastani. Mwanzoni mwa Novemba huwahi hadi saa sita na nusu, katikati ya Februari huchelewa hadi kama saa saba. Kigoma ni saa saba kwa wastani. Ukiwa na ratiba ya swala ya mji wako, angalia adhuhuri: huingia mara tu jua likishapinduka, kwa hiyo ratiba hiyo ni kipimo kizuri cha jua la utosi la mahali ulipo. Ndiyo maana adhana ya adhuhuri ya Kigoma iko nyuma ya ile ya Dar.

Ukitaka usahihi zaidi, tumia kijiti. Tafuta mahali tambarare palipo wazi, fyeka majani, sawazisha udongo kwa ubapa wa panga. Simika mti ulionyooka wenye urefu wa kama mita moja, wima kabisa. Kamba yenye jiwe mwishoni itakuonyesha kama umeinama. Weka kokoto pale ncha ya kivuli inapoishia. Subiri dakika 20. Mchana wa jua kali ncha itasogea sentimita 9 hivi. Alasiri hufika 13. Weka kokoto la pili. Kokoto la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki. Simama kokoto la kwanza likiwa kushoto kwako na la pili kulia, na mbele yako ndiyo kaskazini. Hakuna haja ya kukumbuka mwezi wala upande wa ikweta.

Kijiti nacho kina upungufu wake. Ncha ya kivuli haichori mstari ulionyooka isipokuwa karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Juni na Desemba inachora upinde, kwa hiyo ukipima saa tisa alasiri unakosea nyuzi 14 au 15. Kwa kutafuta barabara ndefu hilo si neno. Ukipima kati ya saa sita na saa saba na nusu, upinde uko bapa na kosa ni dogo mno. Na kama mmeamua kukaa mahali pamoja kutwa, kuna njia isiyo na kosa: asubuhi chora duara kuzunguka kijiti, ukingo wake ukiwa mbali na kijiti sawa na urefu wa kivuli cha wakati ule, weka alama pale ncha inapogusa duara. Kivuli kitapungua, kitaingia ndani ya duara, kisha alasiri kitarefuka na kugusa duara tena upande wa pili. Mstari kati ya alama hizo mbili ni magharibi kwenda mashariki, sawasawa. Fanyeni hivyo kambini siku moja, mpigilie vigingi viwili vya kudumu kwenye mstari huo, na wageni wote wa kambi watajua pande zao bila kuuliza.

Zile siku za Oktoba na Machi jua likiwa juu ya utosi kabisa, kivuli cha kijiti hutoweka. Wengine hubabaika hapo. Subiri nusu saa, kitatokea upande wa mashariki.

Kukiwa na mawingu mepesi, chukua kitu chembamba kama wembe au ncha ya kisu, kisimamishe juu ya karatasi nyeupe au ukucha wa kidole gumba, ukizungushe taratibu. Mara nyingi utaona weusi hafifu wa kivuli ambao jicho halikuuona ardhini. Mawingu yakiwa mazito ya masika, hakuna ujanja. Kaeni chini.

Nyota ya Kaskazini hukuiona kwa sababu ilikuwa chini ya ardhi kwenu. Nyota ile hupanda juu ya upeo kwa kiasi kile unachopanda wewe kaskazini mwa ikweta. Mtu wa Turkana anaweza kuiona ikiwa chini kabisa karibu na upeo, kama hakuna vumbi. Mtu wa Tabora hataiona maisha yake yote akiwa nyumbani.

Usiku wa Desemba kwetu una nyota nzuri zaidi. Zitafute zile tatu zinazolingana mng'ao, zimepangana mstari mmoja mfupi, ambazo ni mkanda wa kundinyota la Jabari. Mkanda huo uko karibu juu ya mstari wa ikweta ya anga, kwa hiyo popote duniani unachomoza mashariki hasa na kuzama magharibi hasa. Katikati ya Desemba, saa mbili usiku, umeshapanda kidogo upande wa mashariki. Mngekuwa na uwazi kwenye miti, usiku ule ungewasahihisha kabla hamjalala. Mwezi Aprili jioni unakuwa upande wa magharibi. Ukiwa juu kabisa hausaidii sana, subiri ushuke.

Kuanzia Aprili hadi Julai, jioni, tazama Msalaba wa Kusini: nyota nne zenye umbo la msalaba, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazouelekea. Hizo mbili ndizo uthibitisho, maana kuna msalaba mwingine mkubwa na hafifu zaidi ulio jirani ambao huwadanganya wengi. Nyoosha mstari mrefu wa msalaba kutoka kichwani kupita mguuni mara nne na nusu ya urefu wake. Kwa mtu wa kwenu mstari huo unaishia karibu kabisa na ardhi, na hapo chini ndiyo kusini. Desemba jioni Msalaba haupo; huchomoza baada ya saa saba usiku, umelala ubavu upande wa kusini-mashariki.

Mwezi mpevu ni rahisi: huchomoza mashariki jua linapozama. Lakini ile mbinu ya kuunganisha pembe mbili za mwezi mwandamo kwa mstari hadi ardhini, iache. Kwetu mwezi mwandamo hulala kama mtumbwi, mstari wake hauendi popote.

Kuhusu vichuguu, msikilize baba mdogo kwa heshima, lakini usivitegemee. Viko vichuguu bapa vilivyojipanga kaskazini na kusini kwa uaminifu, ila viko kaskazini mwa Australia na hujengwa na mchwa wa aina yake. Vya kwetu hujengwa kufuata udongo, maji na kivuli. Ukijani wa kwenye magome nao hufuata unyevu: utaukuta upande wowote maji ya mvua yanakochuruzika. Ninaloamini ni kwamba baba mdogo haangalii vichuguu hivyo kwa mwelekeo. Anavijua kimoja kimoja. Mrina asali mzoefu anakumbuka kichuguu kile chenye mkwaju juu yake, mbuga ile, mninga uliopigwa radi, na mizinga ya nani iko wapi. Hiyo ni ramani, tena bora kuliko dira. Tatizo lake ni kwamba haiwezi kurithishwa kwa sentensi moja, na siku mvua ikiwakimbiza nje ya eneo analolijua, inaisha.

Ukiwa karibu na kijiji kuna msaada mwingine ambao watu husahau: msikiti. Ile kibla inayojitokeza nje ya ukuta inaelekea Maka, na kutoka Tabora Maka iko nyuzi 14 hivi mashariki mwa kaskazini. Kwa watu wa Dar, Unguja na Mombasa ni kaskazini karibu kabisa.

Simu yako. Dira ya simu inafanya kazi kwa kuhisi usumaku wa dunia, ambao ni dhaifu sana, na panga, bomba la moshi la chuma au kava lenye sumaku la kufungia simu vinaushinda kwa urahisi. Toa kava, weka panga mbali hatua kadhaa, izungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara chache, ndipo uisome. Lakini kilicho bora zaidi ndani ya simu ile ni GPS, yaani kile kinachokuonyesha mahali ulipo, na wengi wanadhani inahitaji bando. Haihitaji. Inapokea mawimbi ya setilaiti hata mahali pasipo na mnara. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, kwa hiyo pakua ramani ya eneo lenu mkiwa mjini, weka alama ya kambi na alama ya pale njia inapokutana na barabara. Ubaya wake unaujua: chaji huisha, na maji huingia.

Jambo moja zaidi ambalo halihusu kujua mwelekeo bali kuushika. Mwaka 2009 mtafiti Jan Souman na wenzake waliwapa watu kazi ya kutembea moja kwa moja, wengine kwenye msitu tambarare huko Ujerumani, wengine jangwani Tunisia. Walioliona jua walipinda wakati mwingine, lakini hawakuzunguka. Waliotembea msituni chini ya mawingu walizunguka na kurudi kwenye nyayo zao wenyewe, huku wakiamini wamenyoosha. Miombo yenu ni tambarare na kila mti unafanana na mwenzake, kwa hiyo msijiamini. Ukishapata mashariki, chagua mti mmoja mbali unaoutambua, na mwingine nyuma yake kwenye mstari uleule. Ukifika wa kwanza, tafuta wa tatu ulio nyuma ya wa pili. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja atangulie, aliye nyuma amsahihishe kwa sauti. Pigeni kijiti kipya kila baada ya saa moja hivi.

Na kumbuka, mashariki iliwafaa ninyi kwa sababu mlijua barabara iko huko na ni ndefu. Asiyejua hivyo, hata akipewa kaskazini iliyopimwa kwa darubini, haimsaidii kitu. Kabla ya kutoka kambini kila asubuhi, semezaneni: barabara iko wapi, mto uko wapi, tunakwenda upande gani.

Yapo mazingira ambayo sitaki ujaribu lolote kati ya haya. Mmoja akiumia, akitetemeka kwa homa, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka kwa kiu na jua, msitembee. Giza likikaribia, msitembee. Washeni moto mahali pa wazi, usalama wa moto mkiuangalia. Mkipata hata mnara mmoja wa mtandao wowote, pigeni 112, mtaje jina la kijiji mlikotokea na upande mliokwenda. Mwenyekiti wa kijiji au mtu wa nyumbani awe anajua siku mtakayorudi, ili msiporudi mtafutwe. Na kama kuna eneo jipya mnataka kutundika mizinga, pitieni kwanza kwa ofisa misitu wa wilaya. Mbali na kibali, atawaonyesha mipaka ya hifadhi kwenye ramani, na askari wa doria wa eneo hilo anaweza kutembea nanyi siku ya kwanza. Kujifunza kushika mstari porini kwa maandishi yangu kuna kikomo. Siku moja na mtu anayeijua kazi itakupa zaidi.

Dira? Nunua, ndiyo. Ya kawaida yenye sahani ya plastiki inatosha, huhitaji ya bei kubwa. Ila ijaribu dukani kabla ya kulipa. Usumaku wa dunia kwetu huuinamisha mshale, na dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kukwaruza kioo au sakafu yake ikitumika huku. Ishike bapa kiganjani, mbali na simu na meza ya chuma, uizungushe taratibu. Mshale ubaki unaelea na utulie palepale kila mara. Ukikwama au ukigusa, mrudishie muuzaji na uombe nyingine.